Kozi za Harvard na za vyuo vya kawaida Marekani

Mkuu umeuliza kwanini Harvard hawana digrii ya kwanza ya biashara wakati Marekani nzima ndo kozi inayoongoza. Ni hivi, Harvard, Yale na Princeton biashara hawaifundishi digrii ya kwanza, anaetaka pesa anasoma uchumi, na benki kubwa za Wall Street, mtaa wa fedha wa New York, zinamfata hukohuko chuoni hata kama kasoma historia, manake wanachonunua ni jina la chuo na kichwa kilichopita mchujo. Sasa nenda chuo cha jimbo kinachopokea karibu kila anaeomba, utakuta watu wamejaa biashara, uuguzi, ualimu, mambo ya polisi na magereza, yani kozi ambazo kazi yake inajulikana kabisa, mtu akimaliza uuguzi anapiga mtihani wa NCLEX anapata leseni anaingia wodini, mara nyingi wala haulizwi sana kasoma wapi. Na wengi wanasoma huku wanapiga shifti na mkopo unawasubiri, huwezi kumwambia huyo akasome falsafa. Ila usikariri, Penn (Chuo Kikuu cha Pennsylvania) ni Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vyenye jina ambalo Harvard, Yale na Princeton wamo, na ina shule ya biashara ya Wharton na uuguzi, vyote digrii ya kwanza. Kozi ya kompyuta yenyewe imepenya kotekote, pale Stanford ndo imetawala kabisa.