Pikipiki ya Yamaha R6 nimeshaitolea kishika uchumba, sasa moyo unasita

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wanaonunua pikipiki ya kwanza. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua wenye hali hiyohiyo ni wengi ila wanaona aibu kuuliza.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Kihonda hapa Morogoro. Leseni nimepata mwaka huu, pikipiki ya kujifunzia ilikuwa ya cc 125. Kazi yangu nanunua karoti na kabichi kwa wakulima, kwa hiyo kila wiki napanda Mgeta kupitia Mzumbe na Mlali, siku nyingine nazunguka mjini tu. Tangu niko sekondari ndoto yangu ni Yamaha R6 na nimempata mtu Dar anauza ya 2008, nimeshampa kishika uchumba, yaani hela ya kuishikilia, laki nane, iliyobaki namalizia mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita nikaenda kuijaribu. Mwalimu, nilishindwa hata kukanyaga chini vizuri maana mimi nina sentimita 166, alafu nilivyogusa mafuta kidogo tu ikaruka nikakaribia kuingia nyuma ya bajaji. Toka siku hiyo usingizi sipati vizuri. Fundi mmoja kaniambia chukua Boxer au Honda XR, washkaji wanasema utaizoea tu, na mimi kusema ukweli sitaki watu wanione bodaboda. Je huu ni woga wa mwanzo au niachane nayo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Achana nayo. Na naomba usione kwamba umeshindwa, kwa sababu ulichokisikia siku ile mwili wako ulikuwa unakwambia ukweli kuhusu mashine yenyewe, sio kuhusu uanaume wako.

R6 ni pikipiki nzuri sana, hilo halina ubishi, mimi naipenda. Lakini tuangalie ilitengenezwa kwa ajili gani. Toka ilivyotoka 1999 ilikusudiwa kwa watu wa mbio, injini ya cc 599, pistoni nne, hosipawa karibu 120, na nguvu yake kubwa iko juu kabisa kule kwenye mizunguko 14,000 na zaidi kwa dakika. Gia namba moja peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Namba moja! Sasa wewe unatoka Kihonda unaingia mjini kwenye vibao vya 50, maana yake maisha yako yote ya kila siku utakuwa kwenye gia moja na mbili, injini inachemka, miguu inaungua, mikono inauma kwa sababu umeinamia tangi, na ile raha uliyoiota tangu sekondari huipati popote kati ya hapo na Mzumbe.

Alafu kuna hiki cha mafuta. Kwenye 125 uliyojifunzia ukikunja akseleta kwa bahati mbaya, tuseme umepita kwenye shimo na kifundo cha mkono kimecheza, pikipiki inanguruma kidogo basi imeisha. Kwenye R6 kosa lilelile linakupeleka nyuma ya bajaji, umeshaona mwenyewe. Na breki ni hivyohivyo, breki ya mbele ya R6 ina diski mbili zenye kushika kweli kweli, mtu mpya akishtuka anaibana yote kwa mara moja, tairi la mbele linafunga na unalala chini kabla hujajua kilichotokea. Ya 2008 haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisifunge ukibana breki, ABS kwenye R6 imekuja na toleo la 2017. Kwa hiyo tatizo sio kwamba wewe utakimbiza. Washkaji wanadhani hatari ni kukimbiza tu, "we endesha taratibu utaizoea". Makosa madogo ya mtu anayejifunza ndiyo hatari, na hayo lazima uyafanye, kila mtu aliyewahi kupanda pikipiki ameyafanya, kitu unachoweza kuchagua ni uyafanyie juu ya pikipiki gani.

Kuna uchunguzi mkubwa ulifanyika Los Angeles, ripoti ikatoka 1981, ukiongozwa na Harry Hurt wa chuo kikuu cha Southern California, wakaenda wenyewe kwenye matukio 900 ya ajali za pikipiki. Zaidi ya nusu ya wale waendeshaji walikuwa na chini ya miezi mitano kwenye pikipiki waliyopata nayo ajali, wakati kwa jumla walikuwa wameshaendesha pikipiki karibu miaka mitatu. Yaani hata mzoefu akihamia mashine mpya anakuwa mgeni tena, sasa wewe unataka uwe mgeni wa barabara na mgeni wa R6 kwa pamoja. Na spidi ya kati kabla ya ajali ilikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa mjini, na ajali nyingi za pikipiki na gari mwenye gari ndiye alimwingilia mwenye pikipiki. Kwa hiyo kinachokuokoa ni mikono inayojua breki bila kufikiri, na mikono hiyo inapatikana kwa kuendesha sana kitu unachokimudu.

Wenzetu Ulaya wameliweka kwenye sheria kabisa. Kijana wa miaka 18 kule akitaka pikipiki ya kati haruhusiwi kuzidi kilowati 35, ambayo ni kama hosipawa 47, na pikipiki ikiwa asili yake imezidi mara mbili ya hapo hata ukiibana nguvu haikubaliki, R6 inaangukia huko. Sisi huku mtu anatoka na leseni ya daraja A, ya pikipiki kubwa, asubuhi mchana anaweza kuwa juu ya R6, hakuna wa kumzuia, ndio maana inabidi ujizuie mwenyewe.

Sasa njia yako. Ukishaacha lami na kuanza kupanda Uluguru kwenda Mgeta unaijua kuliko mimi, mawe, kona, na masika ule utelezi mwekundu. R6 uwazi wake chini ni sentimita 13 hivi, makava ya plastiki yako chini kabisa, tairi ni laini za lami. Itabidi kila wiki uiache nyumbani upande Noah za abiria, umenunua pikipiki ya mamilioni alafu kazi inakwenda bila pikipiki. Na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 180 likiisha hapo Moro utalipata wapi?

Mimi ningekwambia Honda XR150L kama hela inaruhusu. Ina cc 149, kabureta ambayo fundi yeyote anaifungua, kilo 129 wakati R6 ni karibu 190, rimu ya mbele ya inchi 19 inayopita shimoni bila kukurusha, na uwazi chini sentimita 24. Najua utaenda kupima utaniambia mwalimu kiti chake nacho kirefu, ni kweli, sentimita 82 na nusu, R6 ni 85, tofauti ni ndogo. Ila kiti cha XR ni chembamba na shokapu zake ni laini, ukikaa inashuka, na kwa uzito ule mguu mmoja unatosha kuishika ikiinama. Kaa juu yake wewe mwenyewe kabla ya kutoa hela, na viatu vyako vya kazini. Ukiona bado juu, chukua Boxer BM150, haifiki cc 145, kiti kiko chini, spea ziko kila kona mpaka Mgeta kwenyewe, funga tairi za meno na keria nzuri ya matenga yako. Chini ya hizi zinazoitwa 150 nisingekushauri kwa sababu hicho kipande cha barabara ya Iringa mpaka Sangasanga kina malori, inabidi uwe na nguvu ya kwenda 80 bila pikipiki kulalamika.

Hilo la kuonekana bodaboda nimelisoma mara mbili na nalijibu kwa heshima kwa sababu najua linauma. Ni kweli watu watakupungia mkono, watakuita "boda!", utapita tu. Lakini mdogo wangu nenda kasimame kijiweni pale Mlali asubuhi moja uangalie wale jamaa wanaopandisha magunia Mgeta wanatumia nini, ongea nao, waulize cheni inakaa muda gani, waulize kona ipi ni mbaya mvua ikinyesha. Hao ndio waendeshaji wazoefu kuliko wote kwenye njia yako na hawawezi kununua chombo kinachowalaza njaa. Ukifanana nao barabarani wewe umepungukiwa nini? Tofauti iweke kwenye helmeti iliyofunika uso wote, glovu, jaketi, buti za kufunika kifundo, na kutobeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Hela ya hivyo vitu itoke kwenye ile uliyotaka kumalizia R6, isitoke kwenye "nitanunua baadaye".

Kuhusu kishika uchumba, mfuate muuzaji mapema, usisubiri mwisho wa mwezi na usiongee kwa meseji. Nenda na mtu mzima, mwambie ukweli kwamba umejaribu na huimudu, omba akurudishie na mkubaliane abaki na kiasi kidogo cha usumbufu. Wengi wanakubali ukiwahi kabla hajafukuza wateja wengine, kama mliandikishana angalia karatasi inasemaje. Akigoma kabisa, laki nane inauma sana, lakini usimalizie mamilioni kwa sababu ya laki nane. Iliyoondoka imeondoka, unachoamua leo ni hii iliyobaki mfukoni.

Na ndoto usiitupe. Endesha hiyo 150 mwaka mzima na masika yake yote, jumapili tafuta uwanja mtupu ufanye mazoezi ya kusimama ghafla kutoka 30, alafu 40, ukibana breki ya mbele polepole kwa kuongeza, na kuzunguka namba nane kwa mwendo wa miguu. Baada ya hapo kuna ngazi ya kati, Honda CBR250R yenye hosipawa 26 na kiti cha sentimita 78, au Kawasaki Ninja 250R, au CB400 Super Four ambazo Japani zilitengenezwa nyingi kwa sababu leseni yao ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Ukifika hapo ukaitaka bado R6, niandikie.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, natoka Lanet hadi mjini kila siku, barabara ni lami karibu yote. Nilinunua Boxer 150 kwa sababu kila mtu alisema ni ngumu haiharibiki, lakini mimi ni mfupi na kila nikisimama kwa junction nahisi italala na mimi. Nafikiria kuiuza nichukue skuta. Nitakuwa nimefanya haraka? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Dada, hujafanya haraka, ila jaribu kitu kimoja kwanza. Watu wengi wafupi wanasimama wakitaka kushusha miguu yote miwili, hapo ndipo pikipiki inayumba. Ukikaribia kusimama sogea kidogo kushoto kwenye kiti, shusha mguu wa kushoto peke yake ukanyage kwa unyayo mzima, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Mwombe fundi pia alegeze springi za shokapu za nyuma mpaka daraja la chini kabisa. Fanya hivyo wiki mbili, ikikubali umeokoa pesa yako.

Ikikataa uza bila kujuta, kwa lami skuta ni chombo cha maana, haina klachi ya kubana kwa mkono, kilo ni mia na kidogo, na gauni la kazi halikusumbui. Chukua ya 125 maana hiyo barabara kuu ina malori na matatu na unahitaji kuondoka haraka, na tafuta yenye tairi la mbele la inchi 12, zile za 10 zinazama kila shimo. Jambo la kuzoea ni kwamba skuta haina gia ya kukushikilia kama Boxer ukiachia mafuta, kwa hiyo breki uanze mapema zaidi, na ukiwa umesimama imewaka toa mkono wa kulia kwenye akseleta kabisa, ajali za skuta za wageni nyingi zinaanzia hapo, mtu anaisukuma kuitoa parking huku ameishika mkono wa mafuta. Leseni yako kama ni daraja la A2, la pikipiki za kawaida, inatosha.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Nimenunua Vespa ya zamani hapa Unguja, ndio chombo changu cha kwanza, na muuzaji kanipa helmeti yake kama bakhshishi. Haina mkwaruzo mkubwa. Niitumie? Msomaji, Zanzibar.

JIBU: Waaleikum salaam. Usiitumie ndugu yangu, mshukuru lakini nunua mpya. Lile povu jeupe ngumu la ndani linapokea kishindo mara moja tu, likishabonyea halirudi, na nje huwezi kuona kitu, na wewe hujui imewahi kuanguka mara ngapi. Uchambuzi wa tafiti wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa 2008 ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini hiyo ni helmeti nzima iliyokaa sawa kichwani. Dukani angalia lebo ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye mkanda, vaa, funga mkanda, alafu mwambie muuzaji aivute kutoka kisogoni kuja mbele. Ikitoka, omba saizi ndogo zaidi. Mashavu yabanwe kidogo, ukae nayo kichwani dakika kumi hapohapo dukani, paji la uso likianza kuuma badilisha modeli.