Kutoka kesi za uhamiaji hadi utetezi wa kesi za ufisadi

SWALI: Habari, Wakili. Kwa miaka mingi nimeiwakilisha serikali kortini katika kesi za uhamiaji: wageni wanaopinga kufukuzwa nchini, kampuni zinazolalamikia kunyimwa vibali vya kazi. Sasa ofisi moja ya mawakili huko Upper Hill inanitaka nikawatetee washukiwa wa ufisadi na utakatishaji wa pesa. Je, ujuzi wangu utanifaa? Mke wangu naye ananiuliza nitalalaje usingizi nikiwatetea wezi. – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Wakili mwenzangu, nianze na mkeo, maana lake ndilo zito. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Baadhi ya wateja wangu wamekuwa na hatia, nami niliwatetea kwa nguvu zangu zote. Upande wa mashtaka ukilazimika kuthibitisha kila shilingi, hata karani aliyetia sahihi kwa amri ya mkubwa wake hupata nafasi ya kusikizwa. Hilo naliamini kabisa.

Ujuzi utakufaa. Umezoea faili: nani aliidhinisha, lini, muhuri wa nani. Kesi hizi nyingi huamuliwa hapo hapo. Kigeni kwako kitakuwa pesa, na taarifa ya benki itabidi ujifunze kuisoma kama unavyosoma pasipoti, ukurasa kwa ukurasa.

Tuseme mteja amekujia na ilani ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003. Inamtaka aorodheshe mali yake na aeleze aliipata lini na vipi. Hajashtakiwa bado. Wengi hujibu mbio mbio, kwa hofu au kwa kiburi, na majibu hayo huwafuata hadi mahakamani Milimani. Keti naye. Ploti ya Kitengela aliilipia kwa mkopo wa sacco? Alete barua ya mkopo na payslip zinazoonyesha makato. Pesa taslimu zinazoingia benki kila Jumatatu anasema ni za matatu ya mkewe? Daftari la makusanyo liko wapi? Kama halipo, usikimbilie kuliandika jambo hilo. Kesi ya mali isiyoelezeka, chini ya kifungu cha 55, ni ya madai. Tume ikishaonyesha kwamba mali inazidi mapato halali, mzigo wa kueleza unamwangukia yeye, na anaweza kuamriwa kuilipa serikali thamani ya mali hiyo bila kupatikana na hatia ya jinai popote.

Katika kesi ya jinai nako hesabu ni utetezi. Mtu akipatikana na hatia chini ya sheria hiyo naye alinufaika, au kuna aliyepata hasara, hutozwa faini ya lazima ya mara mbili ya kiasi hicho, juu ya adhabu nyingine. Ukionyesha kwamba nusu ya pesa zinazotajwa zilifanya kazi iliyokusudiwa, umemsaidia sana mteja wako.

Faili uliyoigusa serikalini usiishike ukiwa upande wa pili, hata ukiahidiwa nini. Watakuja watu wanaotaka namba zako za simu za Nyayo House, makao ya idara ya uhamiaji, wala hawana haja na sheria unayoijua. Waonyeshe mlango. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inawagusa hata waliokwisha kuondoka serikalini, kwa hiyo isome kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu. Cheti cha mwaka cha uwakili na bima ya taaluma unavijua.

Jambo jingine: mawakili wamo miongoni mwa wanaotakiwa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka, wanapomshughulikia mteja katika mambo kama kununua ardhi au kumtunzia pesa. Mteja akitaka mamilioni yakae kwenye akaunti ya ofisi "kwa wiki moja tu", kataa.

Kabla hujatia sahihi huko Upper Hill, uliza kama wana mhasibu wa uchunguzi wanayemwita kesi inapoanza. Kama hawana, taka gharama yake iandikwe kwenye mkataba wako.