Barua kwa Mwanangu: Duka la Uzi Lisilo na Tajiri

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema mwenye duka la uzi mnalolitegemea anastaafu, wafumaji wenzako wanataka kulinunua kwa hisa na kuliendesha wenyewe, nawe umeombwa uingie. Unaniuliza mimi, niliyezeeka katika duka la namna hiyo: “Mama, duka likiwa la wote, si ndiyo kusema halina mwenyewe?”

Hofu yako ina msingi. Mwaka wangu wa pili dukani, mwanachama mmoja tuliyempenda sana alituletea mfuko wa sufu aliourithi, akatupa bure tuuze. Aliyeupokea alidhani mpanga rafu ataukagua. Mpanga rafu alidhani umekwisha kukaguliwa. Mimi nilipita pale mara tatu, nikaona rangi zake zinapendeza, basi. Majuma kadhaa baadaye nilishika donge moja la uzi wa kijivu, likanikatikia mkononi vipande vipande, na katikati yake nikakuta mabuu meupe, madogo, yakijikunja kwa kukerwa na mwanga. Walikuwa watoto wa nondo, yule mdudu arukaye anayefanana na kipepeo. Nondo mwenyewe hali sufu. Wanaokula ni hao watoto wake, na pamba hawana haja nayo, kwa hiyo rafu ya pamba ilisalimika huku rafu mbili za sufu zikitupwa nzima nzima.

Kwenye mkutano kila aliyesimama alisema “tulipaswa”. Hakuna aliyesema “nilipaswa”, na mimi nimo. Tangu siku ile, sufu yoyote ya kupewa hufungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikakaa kwenye friza wiki mbili katika nyuzi 18 za selsiasi chini ya sifuri, kisha mtu mmoja, kwa jina lake, hutia saini katika daftari kabla haijagusa rafu. Kamati haitii saini. Mwenye zamu ana ruhusa pia ya kumkatalia mtoaji, hata awe mzee wetu, na nakuambia kweli, kujifunza kukataa kulituwia vigumu kuliko kuua mabuu.

Mnalotaka kulifanya si geni. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwemo wafumaji wa vitambaa, walichanga pauni moja moja, wengine kwa kudunduliza, wakafungua duka lao. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, faida iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na kukopesha walikataa kabisa. Hilo la mkopo ndilo watu hulisahau. Rafiki akichukua madonge manane kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, nani atamdai, na kesho mtaketi naye meza moja mkifuma?

Jambo jingine ni kwamba fedha za duka la uzi hulala rafuni. Anayefuma sweta anahitaji madonge yaliyotiwa rangi katika mkupuo mmoja, yenye namba ileile kwenye lebo, kwa kuwa uzi wa mkupuo mwingine, hata ukiwa na jina lile lile la rangi, unaweza kuacha mkono wa sweta umetofautiana na kifua. Kwa hiyo huwezi kununua madonge mawili mawili ya kila rangi ukasema una duka. Inakubidi uchukue rangi chache kwa wingi, na hapo ndipo wafumaji hugombana, maana sisi hatujui kuacha rangi (kabati langu unalijua). Kamati iweke kikomo cha fedha, mmoja achague rangi, na asisimangwe mpaka msimu uishe.

Basi ingia, lakini kwa fedha ambazo unaweza kuziacha humo miaka kadhaa bila kuzihitaji, kwa sababu hisa ya ushirika mara nyingi hurudishwa kwa thamani ile ile uliyoingia nayo, tena pale ushirika unapokuwa na uwezo wa kuirudisha. Kabla ya kutoa chochote, ombeni mhesabu bidhaa zote, donge kwa donge, mjue ni mangapi hayajaulizwa na mteja kwa zaidi ya mwaka. Anayestaafu atapenda kuwauzia na hayo kwa bei aliyonunulia. Simlaumu, ningekuwa yeye ningejaribu. Ila ninyi mkikubali, mtayafuta vumbi kwa zamu.

Waulize pia nani atashika daftari. Wakikujibu “sote”, warudishe kwenye swali mpaka litajwe jina. Kisha nitumie nakala ya masharti ya ushirika niisome kabla hujatia saini. Nina jioni tatu wazi wiki hii.

Akupendaye,
Mama yako