Antena Uani, Sabufa kwa Jirani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Redio ya Ridhaa

Barua za safari hii kuhusu redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio ya watu binafsi wenye leseni, zimetoka Dodoma na Singida, nyingi kutoka kwa watu wenye viwanja vidogo na majirani wa karibu. Tumechagua nne. Ya pili, ya antena inayosumbua vifaa vya majirani, tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowafanya wengi washushe antena zao kabla ya wakati.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina leseni na nakaa Ilazo. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, nyumba ya bati iko katikati, na nyaya za umeme za TANESCO zinapita barabarani mbele. Nataka kutengeneza dipoli (antena ya waya wa mikono miwili inayounganishwa na kebo katikati) ya bendi ya mita 40, karibu megahezi 7, lakini sioni mahali pa kunyoosha mita 20 za waya. Nikunje ncha? Na waya gani unafaa? – *Msomaji, Ilazo*

JIBU: Usikunje bado. Simamisha nguzo moja katikati na uteremshe mikono miwili kama paa la kibanda. Kitovu kikiwa mita 9 juu na ncha zikiwa mita 3 kutoka ardhini, kila mkono wa mita 10 unachukua mita 8 tu za uwanja, yaani mita 16 kwa jumla. Mshazari wa kiwanja chako ni mita 32, kwa hiyo nafasi unayo tele. Sogeza kila kitu upande wa nyuma. Nguzo iwe mbali na nyaya za TANESCO kwa urefu wake wote na mita 3 za ziada, na waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya hizo, hata kwa muda mfupi wakati wa kuuvuta. Pima kwa futi kamba kabla ya kuchimba shimo.

Nguzo nzuri hutoka kwenye mabomba mawili ya chuma ya mita 6: la inchi 2 chini na la inchi 1½ ndani yake, yapishane mita 1.5 na yafungwe kwa bolti mbili. Ukifukia mita 1 kwa zege, unabaki na mita 9.5. Weka kamba za kushikilia pande tatu zenye nafasi sawa, kwa sababu upepo wa Dodoma haushiki upande mmoja. Mirunda nayo inafaa na ni rahisi zaidi, ila ipakwe dawa ya mchwa chini.

Waya wa kawaida wa kufungia taa, wa milimita za mraba 1.5, unatosha. Kanuni ni kugawa 143 kwa masafa yako ya megahezi: 143 ÷ 7.1 = mita 20.14, au mita 10.07 kila mkono. Wewe kata mita 10.40. Plastiki iliyouzunguka waya huufanya uonekane mrefu kidogo kuliko ulivyo, na bati lililo chini nalo huvuruga hesabu, hivyo urefu wa mwisho hupatikana kwa mita ya SWR (hupima antena inavyopatana na redio, na 1 ndiyo bora), hesabu hukupa mwanzo tu. Tuseme SWR ya chini kabisa umeipata kwenye 6.85 nawe unataka 7.1. Zidisha urefu ulionao kwa 6.85, kisha gawa kwa 7.1: mita 20.80 zinakuwa 20.07. Unapunguza sentimita 36 kila upande. Kata 25 kwanza, pandisha, pima tena. Pima antena ikiwa juu mahali pake. Ukiipima ikiwa chini, usawa wa kifua cha mtu, jibu litakudanganya. Na kumbuka kuwa katika ukanda wetu bendi hii huishia megahezi 7.200.

Kebo ya RG-58 ya mita 20 hupoteza chini ya desibeli 1 kwenye bendi hii, inafaa. Ile ya dishi ya omu 75 pia hufanya kazi, ila mara nyingi wavu wake wa nje ni wa alumini na risasi ya kuchomea haishiki. Usilazimishe kuchomea, bana kwa kiunganishi cha skrubu.

Kitovu cha mita 9 ni kifupi kwa bendi hii, na hilo lina faida yake: nishati nyingi huenda juu na kurudi chini karibu. Mchana utaisikia Arusha, Iringa na Dar es Salaam vizuri kuliko mwenye mnara mrefu.

SWALI: Shikamooni. Nikirusha kwa wati 100 kwenye bendi ya mita 20, sabufa ya mama jirani inakoroma sauti yangu, na TV yake inaganda. Kanisa lililo nyuma nalo limelalamika kuhusu spika zao. Mita yangu ya SWR inaonyesha 1.2, kwa hiyo antena ni nzima. Antena ni waya mmoja unaolishwa mwishoni (kebo imeungwa kwenye ncha yake), umefungwa kwenye fisha bodi. Nifanye nini bila kugombana na watu? – *Kijana wa Nkuhungu*

JIBU: Marahaba. SWR ya 1.2 inasema redio yako imeridhika na mzigo iliopewa. Haisemi umeme wa mawimbi unapita wapi, na swali lako lote liko hapo.

Waya unaolishwa mwishoni lazima upate nusu yake ya pili mahali fulani. Usipouwekea, unaichukua kwenye ngozi ya nje ya kebo yako. Kebo inageuka antena, inaingia ndani, inafika kwenye redio, kwenye adapta, kwenye waya wa soketi, na kutoka hapo inasambaa kwenye nyaya za umeme mnazochangia na jirani. Tunasema wazi kwamba antena ya aina hiyo kwenye fisha bodi, mita chache kutoka ukutani kwa mtu mwingine, ni chaguo baya kwa mtaa uliobanana. Ibadilishe iwe dipoli yenye mikono sawa. Kwa megahezi 14.2 ni mita 10.07 tu kwa jumla. Izungushe ili ncha zisielekee nyumba ya mama huyo wala kanisa, maana ncha ndizo zenye volti kubwa.

Kisha weka choki, yaani kizuizi cha mawimbi yanayopita nje ya kebo, pale kebo inapokutana na dipoli. Chukua pete ya feraiti (kauri nyeusi yenye chuma) ya mchanganyiko namba 31, yenye kipenyo cha nje cha milimita 61, uzungushe RG-58 mizunguko 12. Ukikosa pete, zungusha mita 6 za kebo kwenye bomba la maji taka la milimita 110, mizunguko kama 17, imelala kandokando kwa safu moja. Usiifunge kama furushi: mzunguko wa kwanza ukigusana na wa mwisho, mawimbi huruka moja kwa moja na choki haizuii kitu. Choki ya bomba hufaa kwenye kipande chembamba cha masafa, hivyo usiitegemee kwa bendi zote. Weka choki nyingine ya feraiti pale kebo inapoingia dirishani.

Kabla ya kubisha hodi kwa jirani, safisha nyumba yako. Tengeneza mzigo bandia: rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2 kila moja, zote sambamba, zinakupa omu 50 na wati 40. Ziwe za kaboni au filamu, kamwe zisiwe za waya uliozungushwa. Ziunganishe badala ya antena, punguza redio hadi wati 25, urushe sekunde chache. TV yako ikiendelea kuganda, uchafu unatoka kwenye redio au adapta yake na kupita kwenye waya wa umeme. Jaribu tena kwa betri ya volti 12. Lakini kama TV ilitulia mara tu ulipoweka mzigo bandia, tatizo liko kwenye kinachotoka antenani. Kama unatumia kikuzaji cha nguvu nje ya redio, weka kichujio kinachokata juu ya megahezi 30. Mara saba ya 14.2 ni 99.4, katikati kabisa ya redio za FM.

Sasa nenda kwa mama, kwa adabu, wakati asipokuwa na wageni. Mwombe mjaribu pamoja: mwenzako arushe kwa kufuata simu yako, nawe usikilize sebuleni. Zungusha kitufe cha sauti cha sabufa. Koromo likibaki vilevile hata sauti ikiwa sifuri, mawimbi yanaingia kwa nyaya za spika. Likipungua pamoja na sauti, yanaingia kwa waya wa simu au wa TV. Chomoa waya mmoja mmoja hadi koromo linyamaze. Uliougundua, uzungushe mara 8 hadi 10 kwenye feraiti, karibu kabisa na sabufa. Ukiiweka upande wa spika ndogo haisaidii, kwa kuwa waya wenyewe ndio unaonasa. Usifungue kifaa cha mtu hata akikuruhusu. Kikiharibika baada ya miezi sita kwa sababu nyingine, kosa litakuwa lako.

TV ya dijitali haionyeshi mistari kama zile za zamani. Picha hukatika vipande vya mraba au kuganda. Anayetumia antena ya nje yenye busta, anza na busta. Hukuza kila kitu kinachoingia, na mawimbi yako makali huilemea. Iruke, uunganishe antena moja kwa moja kwenye king'amuzi. Anayekaa karibu na mnara mara nyingi haihitaji kabisa. Kwa mwenye dishi, kagua viunganishi vya kebo: vingi vimefungwa kwa mkono na wavu haugusi chuma. Vifunge upya, kisha weka feraiti nyuma ya king'amuzi.

Spika za kanisa ni nyaya ndefu zilizotandazwa juu, na dipoli yako ikienda sambamba nazo zinanasa vizuri sana. Iweke ikatishe kwa pembe ya mraba. Feraiti za kwenye kikuza sauti afunge fundi wao, wewe uzinunue. Muulize katibu saa za ibada na mazoezi ya kwaya, na usirushe saa hizo hadi kazi iishe.

Bati nalo lisisahaulike. Misumari na maungio yenye kutu hufanya kazi kama dayodi: hupokea wimbi lako safi na kulitoa likiwa na masafa mengine ambayo redio yako haikuyatoa. Dalili yake ni mwingiliano unaokuja na kwenda kwa upepo, au unaobadilika jua likipanda. Kaza au badilisha misumari, na uondoe waya wowote chakavu uliolala juu ya paa.

La mwisho ni nguvu. Kanuni za Redio za ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, kifungu cha 15, zinataka kituo kirushe nguvu inayotosha tu kwa mawasiliano. Ukishuka kutoka wati 100 hadi 25, msikilizaji wako wa mbali anapoteza desibeli 6, takribani alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye sindano ya redio. Lakini koromo la sabufa hufuata nguvu yenyewe, kwa hiyo volti yake inabaki robo, sawa na desibeli 12. Jirani ananufaika maradufu ya unachopoteza. Andika daftarini tarehe, saa, bendi na wati kila mnapojaribu. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wakiitwa, daftari hilo litaonyesha ulichokwisha kufanya.

SWALI: Mimi ndiye ninayeteseka. Tangu nyumba za jirani zifunge sola, sindano ya redio yangu haishuki chini ya S8. Nitajuaje chanzo? – *Mwalimu, Kongwa*

JIBU: Mwalimu, anza kwako. Redio iwe kwenye betri, zima swichi kubwa ya nyumba. Kelele ikitulia, washa mkondo mmoja mmoja hadi irudi. Taa za LED za bei ya chini na chaja za simu huongoza.

Isipotulia, angalia saa. Kelele inayoanza jua likichomoza na kufa magharibi inatoka kwa chaji kontrola au inveta ikipokea umeme wa paneli. Ya usiku pekee ni taa. Tembea mtaani na redio ndogo ya AM, uizungushe taratibu: antena yake ya ndani husikia kidogo kabisa pale ncha yake inapoelekea chanzo. Ukimpata mwenye nyumba, mweleze kwamba waya chanya na hasi za paneli zilizotengana sana juu ya bati ni antena kubwa. Zisokotwe pamoja, na zipite pamoja kwenye feraiti karibu na kontrola.

Mvumo mkali usiojali sola, unaozidi kiangazi na kupotea baada ya mvua, huenda ni wa nguzo ya umeme. Andika namba ya nguzo, upeleke TANESCO. Usiigonge wala usivute waya wake wa kushikilia.

SWALI: Upepo wa vumbi ukipiga, kebo yangu inatoa cheche ncha ikikaribia redio. Ni radi? – *Msomaji, Manyoni*

JIBU: Ni chaji ya vumbi kavu linalosugua waya, na inatosha kuua hatua ya kwanza ya kipokezi. Unganisha rezista ya kilo-omu 100, wati 2, kati ya kiini cha kebo na wavu wake pale inapoingia nyumbani. Mawimbi hayataiona, chaji itashuka polepole. Wavu huo ufungwe kwenye fimbo ya shaba ardhini, na fimbo hiyo iungwe kwa waya mnene na fimbo ya umeme wa nyumba. Fimbo mbili zisizoungana ni hatari, kwa kuwa radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati yake hupita ndani ya redio.

Hayo hayazuii radi yenyewe. Kuanzia Desemba hadi Aprili, chomoa kebo kila unapomaliza na uiache nje ya dirisha. Kabla ya masika kagua pia kamba: nailoni nyeupe na vibano vyeupe vya plastiki huliwa na jua la kwetu, vyeusi hudumu zaidi.