Mama kapasuliwa jana, leo nesi anamsimamisha, mshono si utafumuka?

Swali: Habari, mama yangu kafanyiwa operesheni ya utumbo jana mchana hapa Dar, leo asubuhi nakuta nesi anamwambia akae kisha ashuke kitandani, mama analia. Nikamwambia amwache apumzike, tukagombana. Nimekosea?

Jibu: Mpe pole mama, halafu rudi ukamwombe nesi radhi dada yangu haha. Mi ni mtu wa fiziotherapia, kugombana na ndugu wa wagonjwa ndo maisha yangu.

Tumbo linashonwa tabaka kwa tabaka, huo uzi unaouona ni wa ngozi tu, chini kuna nyuzi nene zimeshika ukuta wa tumbo, kwa hiyo kusimama na kutembea taratibu hakufumui kitu. Cha kuogopa zaidi ni kunyanyua ndoo na kujikamua chooni. Na kulala chali siku nzima! Damu inatuama miguuni, inaganda, bonge likichomoka linapanda mpaka mapafuni na linaweza kumuua mtu mliyekuwa mnamwona anaendelea vizuri. Makohozi nayo yanakaa, nimonia inaingia. Sio mambo mapya haya, daktari Emil Ries wa Chicago, Marekani, aliandika tangu 1899 kwamba wagonjwa wa tumbo waamshwe mapema, wenzake wakampuuza miaka mingi tu, watu wakaendelea kulazwa wiki mbili.

Sasa mbinu. Subiri dawa ya maumivu ifanye kazi, kama nusu saa akishameza. Asinyanyuke moja kwa moja kama anayetoka usingizini, hapo ndo wanalia. Akunje magoti, ageuke ubavu, ateremshe miguu huku anajisukuma kwa kiwiko. Akae dakika chache miguu ikigusa chini, umuulize kama anaona kizunguzungu, akisema ndio mrudishe. Kunja khanga iwe kama kamto, aibane kwenye mshono akisimama au akikohoa. Kama kawekewa mpira wa mkojo, mfuko wake ubaki chini ya kiuno. Mara ya kwanza nesi awepo, usijifanye jasiri. Leo kiti, kesho mpaka mlangoni, inatosha.

Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata, mlaze umwite nesi hapo hapo. Na kama daktari kasema asiinuke, msikilize yeye.

Khanga leta mbili, moja lazima itachafuka.