Jibu: Kaskazini ilishindaje vita vya Marekani, kwa wingi wa askari tu?

Ndugu, umeuliza kama majimbo ya Kaskazini mwa Marekani yaliyashinda yale ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 kwa sababu tu yalikuwa na watu wengi. Wingi ulisaidia, lakini watu wengi bila chakula ni mzigo. Mimi naanzia kwenye reli.

Chukua mwaka 1864, Sherman, jenerali wa Kaskazini, akielekea Atlanta, mji wa Kusini katika jimbo la Georgia. Alikuwa na askari wapatao 100,000 na wanyama 35,000, na wote walitegemea njia moja ya reli kutoka Louisville kupitia Nashville na Chattanooga, karibu kilomita 760. Yeye mwenyewe alipiga hesabu baadaye: bila reli ile angehitaji magari ya kukokotwa 36,800, kila moja likivutwa na nyumbu sita (chotara wa punda na farasi). Barabara za huko zisingeweza kabisa! Wapinzani walichoma madaraja na kung'oa mataruma, lakini mafundi wake walikuwa wakiyajenga upya ndani ya siku chache. Kwangu mimi, mafundi hao wanastahili heshima sawa na majenerali.

Kusini nako reli zilikuwepo, ila upana kati ya vyuma vyake ulitofautiana kati ya njia na njia. Mzigo ukifika mji fulani unashushwa, unapakiwa upya kwenye treni nyingine. Vipuri havikupatikana, na injini zilizochakaa zilibaki hivyo hivyo. Ndiyo maana askari wa Lee, jenerali wa Kusini, huko Virginia walikaa na njaa wakati Georgia ilikuwa na mahindi.

Na ukiniuliza kuhusu safari ya Sherman kuelekea baharini baada ya kuiteka Atlanta: hapo aliiacha reli, jeshi likala mashambani mwa wenyeji.