Unamtaka mavyaa alee, ila asiseme

Shangazi, naishi Wete nyumbani kwa mavyaa. Nina watoto watatu: wa miaka 6, wa miaka 3 na kichanga cha miezi 4. Mume wangu anafanya kazi hoteli, Nungwi, huja mara moja kwa mwezi. Mimi nauza mabaibui kwa simu. Mavyaa ameninyang'anya watoto wangu. Mkubwa anamwamsha alfajiri aende chuoni kusoma Kurani, haniulizi. Nikienda Chake kuchukua mzigo, nikirudi nakuta washaogeshwa, washakula, washalala, kama kwamba mimi si lolote. Wa kati analala chumbani kwake na anamwita mama. Kichanga anampa maji na uji. Pampasi hazitaki, anataka winda za kitambaa. Na msimu wa karafuu uliopita, nami nina mimba, aliniachia watoto wote akenda zake kuchambua karafuu. Nimemwambia mume wangu anipangie nyumba Unguja, la sivyo narudi kwetu. Ustadhi amesema mke ana haki ya nyumba yake. Nifanyeje?
Mama Watatu, Wete

Pole, mwanangu. Kukaa ukweni na watoto wadogo watatu, mume yuko ng'ambo ya bahari, si jambo jepesi. Kichanga peke yake chatosha kumtoa mtu akili. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mnyang'anyi, sikumpata. Niliyempata ni mwanamke mtu mzima anayeamka alfajiri, anamtayarisha mjukuu kwenda chuoni, anaogesha, anapika, analaza, na usiku analala na mtoto wa miaka mitatu anayepiga mateke. Hayo umeyaandika kwa mkono wako, ukiyaita makosa. Wewe saa hizo uko Chake na mzigo wa mabaibui. Sikulaumu kwa biashara, mwanamke na awe na senti yake. Lakini ungefika nyumbani magharibi ukawakuta hawajaoga na hawajala, ningepata barua nyingine, nayo ingesema mavyaa hana huruma.

Wala sikisii. Tayari umeyasema. Msimu wa karafuu alipokwenda kukaa jamvini na wenzake, kuchambua na kuanika, atafute chake kama watu wote wa Pemba wanavyotafuta msimu ukifika, ukamshitaki kwamba amekuachia watoto. Wa nani hao watoto? Akiwashika kakunyang'anya, akiwaacha kakutupia. Mwambie basi akae vipi.

Na hizo winda, nani anazifua? Barua yako imenyamaza kimya. Mtu anayefua winda za kichanga kila siku hawezi kuandika barua ya malalamiko asilitaje hilo. Nimeshajua anayefua.

Hilo la kuitwa mama najua ndilo lililokuuma, mengine yote umeyabeba ili usilitaje peke yake. Hapa nakuonea huruma kidogo. Lakini mtoto wa miaka mitatu husema anachosikia. Baba yake humwita yule bibi mama, mawifi zako humwita mama, na naamini hata wewe humwita mama. Atoe wapi jina jingine? Anza wewe kumwambia, "Mpelekee bibi," "Muage bibi," na mwombe mavyaa naye ajiite bibi mbele yake. Halafu mrudishe mtoto chumbani kwako usiku. Atalia siku mbili tatu. Mavyaa atakushukuru, mgongo wake utapumzika.

Watu wa zamani walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mabinti wa siku hizi mnaijua nusu ya mwanzo tu. Mimba mnaipiga picha kila mwezi, mnaipamba, mnaifanyia sherehe. Mwana akija, mnatafuta wa kumshika. Zamani bibi harusi alikuwa na somo wake, akikaa naye ndani akimfunza mume na kumfunza ukwe: mavyaa anakwendwaje, neno gani hujibiwa na lipi huachwa lipite. Leo somo ni simu. Binti anamtazama mwanamke wa nchi ya mbali ana chumba cha mtoto, kitanda cha mtoto na mashine ya kufulia, akigeuka anaona uwani kwa mavyaa pana kuku na mbuzi ya nazi, moyo unachafuka. Haoni kuwa yule wa kwenye simu hana wa kumwachia mtoto akaenda kuoga. Halafu vijana nao, kazi yao kukimbilia mahoteli na kuwaacha mama na mke wagombane, wao wakija mwisho wa mwezi wanakuwa mahakimu. Nimetoka nje ya barua, lakini mumeo nae na alisikie hili.

Ustadhi amesema kweli, haki ya makazi yako unayo. Sasa tuihesabu hiyo haki kwa fedha. Wenye nyumba mjini wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele, mara nyingi sita. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Kodi hiyo utailipa kwa mabaibui? Na utakapofuata mzigo, watoto watatu atabaki nao nani, jirani usiyemjua? Hiyo fedha ya kodi mwambie mumeo anunulie matofali. Kiwanja cha kwao kama kina nafasi, vyumba viwili na jiko lako mwenyewe, mlango wako, ufunguo wako. Utakuwa kwako, na bibi yuko hatua chache.

Kuna jambo moja mavyaa amekosea na simfichi: maji na uji. Kichanga cha miezi minne hunyonya tu, mpaka atimize miezi 6. Maji anayoyahitaji yamo ndani ya maziwa yako, hata kwa joto la kaskazi. Ukimjaza tumbo kwa maji au uji ananyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa nayo yanapungua. Tena kikombe na kijiko vikiwa si safi vinaleta kuharisha. Asali pia asirambishwe kabla ya mwaka mmoja.

Lakini usiende kumwambia kwa kidole. Alipokuwa akilea yeye, uji wa miezi minne ulikuwa ushauri wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likisema miezi minne hadi sita, likabadilisha mwaka 2001. Anafanya aliyofundishwa, na mumeo kakua kwa uji huo. Siku ya kumpima mtoto uzito, nendeni kituoni pamoja, mbebeshe yeye mtoto, umwache muuguzi azungumze naye. Neno la muuguzi halina ukwe ndani yake. Miezi sita ikitimia, uji wa kwanza apike yeye: uwe mzito, utiwe karanga za kusaga au dagaa waliosagwa. Na ukienda Chake, maziwa yako yakamue uyaache kwenye chombo safi chenye kifuniko, maana mtoto akilia njaa na wewe hupo, bibi atafanya nini kama si kumpa alichonacho?

Chuoni mwache aende. Kama skuli yake ni mkondo wa mchana, asubuhi ungemfanyia nini, umpe simu atazame katuni? Ukitaka kuulizwa, amka alfajiri umvike kanzu wewe.

Pampasi usiku, winda mchana, na winda za Jumamosi na Jumapili ufue mwenyewe.

Mumeo mpigie leo, watoto wakishalala. Usimwambie achague baina yako na mama yake, hilo neno likishatoka halirudi, na hata akikuchagua wewe hatakusamehe. Mwambie umefuta habari ya Unguja, unataka matofali. Kisha muulize mara ya mwisho ni lini alimtumia mama yake chochote kwa kazi ya kulea watoto wake. Akinyamaza, mkumbushe.